Sikukuu ya Watoto Isiwe ya Watoto Peke Yao

Akina mama wenzetu, tuanze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi sisi akina mama wa mtaa wetu hapa Ifakara tulijua njia moja tu ya kuwafurahisha watoto siku ya Jumatatu ya Pasaka. Asubuhi tuliwaogesha, tukawavika nguo mpya, tukawalisha pilau, kisha tukamtia kila mmoja shilingi 500 mkononi na kusema: "Haya, nendeni mkatembee. Mkubwa amwangalie mdogo. Giza lisiwakute njiani." Walipokwisha kutoka tulishusha pumzi. Sasa tuliweza kuosha masufuria, kutembeleana na kunyoosha miguu.

Walikwenda wapi? Hatukuuliza sana. Muziki ulisikika kutoka upande wa madukani, nasi tukaona inatosha kwamba wanafurahi.

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2022 ilitufumbua macho. Mwenzetu mmoja, muuguzi kama baadhi yetu, alikuwa zamu katika wodi ya watoto. Kiasi cha saa kumi na moja jioni kijana wa bodaboda aliingia mbio, amebeba mtoto wa kike aliyelegea, gauni limelowa jasho. Mwenzetu alifanya yale tuliyofundishwa sote: alimlaza, akamlegeza nguo, akahesabu mapigo ya moyo, akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji ili kuushusha ule moto wa mwili. Alipofika usoni ndipo alipomtambua. Alikuwa binti yake mwenyewe, wa miaka 8. Gauni alilomnunulia Alhamisi Kuu hakulijua tena kwa jinsi lilivyochafuka.

Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba kulikuwa na ukumbi mmoja, madirisha yamezibwa ili wasiolipa wasichungulie, mlango ni mmoja, na watoto wamejazana kama dagaa guniani. Watu wazima waliokuwamo ni mkata tiketi na mpiga muziki.

Lakini jambo lililotuumiza zaidi tulilikuta nje ya wodi. Kaka yake, mtoto wa miaka 11, alikuwa amekaa chini ukutani, analia bila sauti. Kila aliyemkaribia alimwambia maneno yale yale: "Mama alisema nimwangalie." Mtoto wa miaka 11! Tulikuwa tumemtwika mzigo wetu wenyewe, nao ulipomwelemea akadhani kosa ni lake.

Yaliyotokea Tabora

Wengi wenu mnakumbuka msiba wa Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika disko toto, ndani ya ukumbi uliofurika kupita kiasi. Nchi nzima ililia. Tangu hapo, mara kwa mara sikukuu zinapokaribia, wakuu wa polisi wamekuwa wakitangaza marufuku ya disko toto. Hata hivyo muda ukipita watu husahau, na jambo lile lile hurudi likiwa na jina jingine.

Tulio wauguzi tungependa mama mwenzetu aelewe kinachotokea. Watu wengi hufikiri kwamba mtoto katika msongamano hufa kwa kukanyagwa. Si lazima iwe hivyo. Ili mtu avute pumzi ni lazima kifua chake kipate nafasi ya kupanuka. Mtoto akibanwa mbele na nyuma na miili ya wenzake, kifua hakipanuki, naye anaweza kukosa pumzi hali amesimama wima. Ongeza joto, kiu na kucheza kwa saa nyingi bila maji. Mwili mdogo hushindwa upesi kuliko wa mtu mzima. Na mtoto mfupi hawezi kuona mlango uko wapi.

Basi wiki iliyofuata tulikaa, akina mama wa jumuiya yetu, tukaulizana: Je, tuwafungie watoto ndani siku ya sikukuu? La hasha. Pasaka ni furaha. Ukimnyima mtoto furaha iliyo wazi ataitafuta iliyo gizani. Bibi mmoja, ambaye kwa kawaida huja mkutanoni akasinzia, ndiye aliyetujibu. Alisema: "Zamani zetu mtoto hakwenda kwenye ngoma peke yake. Ngoma ilikuwa uwanjani. Mama yupo, shangazi yupo, bibi yupo. Mtoto akichoka alilala palepale mapajani mwa mtu. Nyinyi mmewaachia watoto sikukuu yao, na nyinyi mmebaki na vyombo."

Hatukupata la kujibu.

Hofu tulizokuwa nazo

Tulikubaliana kufanya siku ya familia ya ngoma, hadithi na kazi za mikono, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Lakini msidhani kwamba sote tuliafikiana mara moja. Baadhi yetu tulikuwa na hofu, na hofu hizo zilikuwa na sababu.

Mmoja alisema kwamba ngoma huleta pombe, na pombe huleta ugomvi. Mwingine alikumbusha ngoma za usiku na mambo wanayofundishwa wasichana ambao bado ni wadogo. Wa tatu aliuliza kama inafaa Mkristo aliyetoka kushangilia Ufufuko acheze ngoma za mababu. Sisi wa rika hili tumelelewa na mama ambao nao waliambiwa utotoni kwamba ngoma ni mambo ya kipagani.

Katekista wetu alitusaidia sana. Alitueleza kwamba jambo hili Kanisa lilikwisha kulitafakari. Alimtaja Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, ambaye mwaka 1963 alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na wakati ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa unaendelea Roma. Leo tunapiga ngoma na kayamba ndani ya Misa wala hatushangai. Na mama mmoja Msukuma, aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao, akaongeza habari ya kwao Bujora, karibu na Mwanza. Huko, tangu miaka ya 1950, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya ngoma, vyombo na mila za Wasukuma, na hadi leo Bujora pana makumbusho yao. Sikukuu ya Ekaristi huambatana na Bulabo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza mbele ya umati wa watu, wazee kwa watoto. "Tunatoka kanisani tunakwenda uwanjani," alisema, "wala hakuna aliyepotea."

Tukaweka masharti yetu. Ngoma ichezwe mchana. Pombe isionekane, kinywaji ni togwa na maji yaliyochemshwa. Nyimbo ziwe zile ambazo mama anaweza kuziimba mbele ya mkwewe. Na sharti kubwa kuliko yote: mtoto haingii bila mtu mzima wake, na huyo mtu mzima haondoki.

Siku yenyewe

Pasaka ya mwaka 2023 iliangukia tarehe 9 Aprili. Mnaoijua Ifakara mnajua Aprili ni nini kwetu. Ni masika. Mto Kilombero umevimba, mashamba ya mpunga yamejaa maji, njia za mtaani ni matope. Jumatatu tuliamka kukiwa na manyunyu, tukatazamana kwa wasiwasi. Kila nyumba ilikuwa imekwisha kutoa kilo moja ya mchele na shilingi 1,000 za maharage, dagaa na kuni. Tungerudi nyuma vipi?

Saa nne mvua ikakatika. Chini ya mwembe mkubwa, karibu na kanisa, tulitandika mikeka. Upande mmoja palikuwa na michezo: rede kwa wasichana, kombolela, mdako, na bao kwa wavulana wakubwa na wazee. Upande mwingine palikuwa na udongo wa mfinyanzi, ambako watoto wadogo walifinyanga ng'ombe, vyungu na, tusifiche, pikipiki nyingi. Babu mmoja Mndamba, mvuvi wa siku nyingi, alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa akawaeleza watoto jinsi mtumbwi unavyochongwa kwa gogo moja, na jinsi mvuvi anavyojua mahali penye kambale kwa kutazama maji tu.

Penye ukili ndipo tulipoaibika. Yule bibi wetu wa mkutanoni alikuwa ameleta majani ya milala, yamekauka na kuchanwa, mengine yamechemshwa katika rangi nyekundu na ya zambarau. Aliwakalisha watoto akaanza kuwafundisha kusuka: jani hili lipite juu, lile lipite chini, vuta, kaza. Ukili ukiwa mrefu wa kutosha hushonwa pamoja na mwingine, upande kwa upande, hata ukawa mkeka. Kisha akatuita sisi tuliosimama pembeni tumekunja mikono: "Njoo, mama, ukae umwoneshe mwanao."

Hatukujua. Katikati yetu walikuwapo wauguzi wenye diploma, walimu, na mama mwenye duka lake mwenyewe, nasi sote vidole vyetu vilikuwa kama vya watoto wachanga. Ukili wa mmoja wetu ulipinda kama nyoka. Bibi akaucheka, akasema: "Kumbe watoto ni nyinyi!"

Watu walicheka, nasi tulicheka, lakini neno lile lilituingia. Mara ngapi tumelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi mila, wanapenda televisheni na simu tu? Kumbe kamba haikukatikia kwa watoto. Ilikatikia kwetu. Mama zetu walilalia mikeka ya kusuka kwa mikono yao. Sisi tunanunua ya plastiki dukani, na hatukuona haja ya kuuliza ile ya zamani ilishonwaje. Mtoto atapenda vipi kitu ambacho hajawahi kuona mama yake akikipenda? Tukakaa chini, kila mmoja kando ya mwanawe, tukajifunza pamoja. Hatukumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivyo na watoto wetu kwa saa nzima bila kuwatuma wala kuwakaripia.

Ngoma na yule kaka

Ngozi za ngoma zilikuwa zimepata unyevu, hazitoi sauti. Mzee mmoja wa Kipogoro aliwasha moto ili kuzipasha, akaomba kijana wa kumsaidia. Akampata yule kaka, ambaye sasa alikuwa na miaka 12. Mwaka mzima alikuwa hataki kutoka na mdogo wake, hata kumpeleka dukani. Akitumwa naye alisema anaumwa tumbo. Mama yake alikwisha kutuomba tumwombee.

Mzee akamfundisha: usiisogeze karibu mno, ngozi itapasuka, gonga kwa kidole usikilize, bado, gonga tena. Hatimaye ngoma ikalia. Wazee wa Kipogoro wakaanza sangula, na watoto wakajiunga, na mbele kabisa alikuwa yule binti aliyekuwa amelala wodini mwaka uliotangulia, anacheza jasho likimtoka, jasho la furaha, hewa ya mwembe ikimpepea.

Tulimtazama kaka yake. Mara aligeuka kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo, akamtafuta mdogo wake kwa macho. Kisha akamwona mama yake amekaa mkekani hatua tatu tu kutoka pale binti alipokuwa akicheza. Akageukia ngoma yake tena, wala hakuangalia nyuma tena mchana kutwa. Kazi ile ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

Baada ya sangula, yule mama Msukuma na jamaa zake walicheza bugobogobo, ngoma ya wakulima wanaorusha majembe juu na kuyadaka. Sisi wauguzi tuliwaomba watumie majembe ya mti tu, wakakubali kwa kicheko. Mnajua kwamba katika Bonde la Kilombero wakulima na wafugaji wamegombania ardhi na maji kwa miaka mingi, na yale wanayoyasema wakubwa nyumbani watoto huyapeleka shuleni. Hatusemi kwamba ngoma moja imemaliza ugomvi. Tunasema tuliyoyaona: wiki nzima iliyofuata watoto wa mtaa, Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wahehe, walikuwa wakirusha vijiti juu na kuvidaka, na mwalimu wao alikuwa mtoto wa Kisukuma.

Yaliyotushinda

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Akina baba waliofika walihesabika kwa vidole, na wengine walikuja wakati wa wali tu. Vijana wa miaka 16 na 17 walikaa nusu saa, wakaona ni mambo ya kitoto, wakaondoka. Hao bado wanatuumiza kichwa. Mwaka uliofuata tulijaribu kuwapa kazi ya kuigiza mchezo mfupi walioutunga wenyewe, na wachache walibaki. Chakula kilipungua, maana tulisahau kwamba harusi ya jirani haialikwi lakini huja.

Lakini Aprili 2024 ilituonesha kwamba hatukupoteza muda. Mwezi ule mvua kubwa zilileta mafuriko bondeni, na hapa Ifakara maji yaliingia majumbani mwa watu. Baadhi yetu tulipokea familia za wenzetu zilizokimbia maji. Usiku mmoja, umeme hakuna, mvua inapiga bati, watoto tisa wamelala chumba kimoja na hakuna anayepata usingizi kwa hofu. Sisi wakubwa tulikosa la kuwaambia. Gizani tukasikia sauti ndogo: "Kitendawili!" Nyingine ikajibu: "Tega!" Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, vitendawili walivyofundishwa chini ya mwembe, hata sauti zikaanza kupungua, na wa mwisho akatega peke yake bila wa kumjibu.

Kwa mama anayetaka kujaribu

Jambo hili halihitaji mfadhili wala jukwaa. Yafuatayo tumejifunza kwa makosa yetu:

Kwanza, chagueni mahali pa wazi penye kivuli, mbali na barabara, kisima na mto. Wakati wa masika hata shimo la kufyatulia matofali hujaa maji na kuwa hatari kwa mtoto.

Pili, wekeni maji safi ya kunywa na maji ya kunawia yenye sabuni karibu na chakula na karibu na choo. Kila saa moja simamisheni michezo, kila mtoto anywe.

Tatu, malizeni kabla ya jua kuzama. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na mtoto aliyechoka kwa kucheza asikose kulala ndani ya chandarua.

Nne, waombeni wazee mapema. Usimwambie bibi "njoo utazame"; mwambie "njoo utufundishe". Utaona tofauti.

Tano, mtoto mlemavu na mtoto yatima wawe wa kwanza kualikwa. Asiyeweza kucheza anaweza kupiga ngoma, kutega kitendawili au kusuka.

Sita, mama, kaa mkekani. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana jikoni hakuishi kazi. Vyombo vitaoshwa kesho.

Akina mama wenzetu, watoto wetu hawatakumbuka pilau ya mwaka gani ilikuwa na nyama nyingi. Watakumbuka nani alikuwapo walipocheza. Sisi tuliwaambia "nendeni" kwa miaka mingi mno, na siku moja nusura mmoja wao asirudi. Sikukuu ijayo mtoto wako akisimama mlangoni, nguo mpya mwilini, akauliza, "Mama, twende wapi?" usitafute sarafu. Vaa kanga yako, chukua mkeka, umjibu: "Twende wote."